Kura Moja ya Uani Kwetu

"Mem, wewe ulituambia uko unataka mto! Haukusema uko unataka shamba yangu!"

Mama Gaëlle alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa kanisa kule Bezuidenhout Valley, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kikombe cha chai alichosahau kukiweka chini. Chai ikawa inamwagikia viatu vya mzee mmoja wa Kizungu mwenye adabu zake, naye hata hakusogea. Watu wote wakageuka. Kule mbele Mem Gugu, mwanamke aliyekuwa akigombea kuingia Bunge la jimbo la Gauteng, akabaki na kidole hewani kama mwalimu aliyezomewa na darasa.

Mama Gaëlle anakijua Kizulu cha sokoni, na Kiingereza cha kwenye foleni za vibali anakijua vilevile. Hasira yake ndiyo haijawahi kujifunza lugha ya ugenini. Ilitoka kwa Kiswahili cha Uvira, mbichi, na ukumbini hakuna aliyeielewa isipokuwa mimi na wenzetu watatu wa uani.

"Mama Fauzia!" akanigeukia. "Mutafsirie! Mwambie yeye ni mwizi mwenye kuvaa miwani!"

Nikasimama. Nikamwambia Mem Gugu, kwa Kiingereza changu cha kubangaiza, kwamba Mama Gaëlle ameshangaa kidogo.

"Umemwambia mwizi?"

"Nimemwambia."

"Mbona anatikisa kichwa kama mtu anapewa pole?"

"Wewe rudisha sufuria yangu kwanza, ndipo nikutafsirie vizuri."

Hiyo sufuria tutaifikia. Kwanza niseme huyu Mama Gaëlle ni nani, maana siku ile ukumbini wengi walidhani ni kichaa aliyeingia kufuata chai.

Jina lake ni Célestine. Sisi tunamwita Mama Gaëlle kwa bintiye, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg na ukimwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kizulu. Célestine alifika mji huu kutoka Uvira akiwa msichana, na mzigo mmoja na Biblia ya Kifaransa. Mume alimpata hapa, mume huyo akaenda Cape Town kutafuta kazi, na anaitafuta mpaka leo. Mwenyewe huuza mboga Malvern, kwenye barabara ya Jules, karibu na robot, yaani taa za barabarani, ambapo magari yakisimama yeye hupitisha lengalenga dirishani kabla mwenye gari hajasema hapana. Lengalenga ndiyo mchicha, kwetu Tanga. Hilo nalo tumeligombania miaka.

Tunakaa Troyeville, sehemu ya chini inayoteremkia bondeni. Ua mmoja, vyumba vimepangana kama meno, bomba moja, choo kimoja chenye foleni. Tupo Wakongo, Warundi wawili, na mimi mwanamke wa Tanga ninayepika pilau kila Ijumaa kupeleka Fordsburg kwa wenye maduka. Wengi wetu tuna karatasi za kuomba hifadhi, wengine tuna pasi zenye mihuri ya zamani, mwingine ana maneno yake matamu tu. Mmoja peke yake ndiye mwenye kitabu cha kijani, kitambulisho cha raia. Ni Célestine. Alikifuatilia mpaka makarani wa ofisini wakawa wanamwuliza habari za magoti yake.

Kwa hiyo uani kwetu kuna kura moja. Na kwa kuwa ni moja, ni ya wote.

Usicheke. Kila uchaguzi ukikaribia tulikuwa tunakaa kikao. Lambert, mlinzi wa getini kwenye benki moja mjini, ambaye hukesha akisikiliza wachambuzi wa siasa kwenye simu, alikuwa mwenyekiti bila kuchaguliwa. Tunabishana mpaka chai inaisha, kisha tunamwambia Célestine akapige wapi, na yeye anakwenda anapiga. Uchaguzi mmoja tuliwapa watu fulani kwa sababu walimpa Lambert fulana. Uchaguzi mwingine tuliwanyima walewale kwa sababu fulana ilifubaa.

Sasa shamba. Nyuma ya nyumba zetu, chini kabisa, kuna kijito kinachoenda kuingia mto Jukskei. Kando yake Célestine alikuta matete marefu kuliko mtu, maji yamelala, mbu, chupa, na panya wenye afya njema. Mtu mwingine angepita akaziba pua. Yeye aliona aibu. Kwao Uvira, alinieleza, bonde la maji likiwa na matete maana yake hapo jirani anakaa mwanamke mvivu. Mama yake alimfundisha hivyo na jembe mkononi: fyeka, choma, chimba mifereji maji yatoke, inua matuta, panda. Akafyeka matete yote, peke yake, kiangazi chote. Akachimba mfereji mkubwa wa katikati na midogo ya kuuingilia. Akapanda lengalenga, matembele, maboga, maharage. Alipomaliza mahali pale palikuwa pazuri, nisiwe mchoyo wa maneno, palipendeza kama nywele zilizosukwa na mkono unaojua.

Akatugawia na sisi. Mama Murielle wa chumba cha mwisho akapata matuta mawili, Lambert akapata moja akaliacha likaota magugu, mimi nikapata langu la kotimiri. Hatukununua mboga tena. Watoto wa uani wamekua kwa matuta yale. Ukitaka kujua Célestine ana nini duniani, hana nyumba, hana mume, ana Gaëlle na ana bonde.

Halafu ikaja mvua ya Januari.

Mnaoijua Johannesburg mnajua mvua zake za alasiri. Jua linawaka, mara mbingu inageuka rangi ya bluu iliyoiva, mara mawe yanapiga bati kama mtu kamwaga gunia la kokoto. Siku ile mvua ya mawe ilikatika, tukashukuru, tukatoka kutazama. Ndipo maji yakaja. Hayakutoka juu barabarani tulikozoea. Yalitoka nyuma, bondeni, yakapanda kwa kasi na rangi ya chai ya maziwa, yakaingia vyumba vya chini kabla mtu hajasema eish. Magodoro yakanyanyuka. Friji la Warundi likalala ubavu likaelea. Na Mama Murielle, aliyekuwa bombani na ndoo, akaacha ndoo akapiga kelele ambayo naisikia hadi sasa, kwa sababu mtoto wake Orpha, wa kutambaa, alikuwa amelala ndani kwenye beseni la kufulia.

Tuliingia maji yakiwa kifuani. Chumba kitupu. Beseni hakuna.

Wallahi nilijua mtoto amekwenda. Lambert, mwanamume mzima, alikuwa anamwita mama yake. Célestine ndiye aliyeliona beseni, limetoka kwa dirisha lililovunjika, limezunguka nyumba, limekwama kwenye ukuta wa geti, na Orpha ndani yake amekaa wima anatafuna ngumi. Hakulia. Sisi ndio tuliolia.

Maji yalipoondoka yalituachia matope mpaka kwenye swichi za taa. Na mimi nikaulizia sufuria yangu. Sufuria kubwa ya pilau, niliyoitoa Tanga kwa basi, nimeikalia kama kigoda mipaka yote. Célestine alikuwa ameiazima kwangu kabla ya Krismasi kwa karamu ya akina mama wa kanisani kwao.

"Mama Fauzia," akasema, macho pembeni, "sufuria maji imeibeba."

Basi. Ningesema nini siku ambayo mtoto amerudishwa? Nikanyamaza siku ile. Kesho yake nikaanza kudai, na sikuacha. Ijumaa zangu zikawa za sufuria mbili ndogo, moja inaungua huku nyingine haijachemka.

Célestine alikuwa na hasira yake kubwa zaidi. Alisema ni takataka. Ni wanaomwaga vifusi kijitoni usiku. Ni manispaa. Akateremka bondeni kutafuta wa kumgombeza, akamkuta mama mmoja amesimama katikati ya kijito, buti za mpira mpaka magotini, anatoa plastiki kwa mikono yake na kuandika hesabu yake daftarini. Huyo ndiye Mem Gugu Mahlobo. Amefundisha biolojia mpaka akastaafu, anakaa Bezuidenhout Valley, nusu ya mji huu inamwita Mem. Akamwambia Célestine anagombea ubunge wa jimbo bila chama, kwa ajili ya mito, mabonde na miti ya Gauteng, kwa sababu amechoka kuandikia barua watu wasiojibu.

Célestine alirudi uani macho yamemtoka.

"Nimeona mu-candidat mwenye matope!" akatangaza. "Kwetu anakuya na jeep, anakutupia kitenge chenye sura yake, anaenda. Huyu iko anaokota chupa!"

"Atatupa kitenge?" akauliza Lambert.

"Hapana."

"Fulana?"

"Hapana."

"Atatupa nini basi?"

"Mto."

Tulicheka mpaka Mrundi mmoja akakohoa. Lakini Célestine hakuwa mtu wa kuchekwa akarudi nyuma. Tangu siku ile kila fungu la lengalenga lililopita dirishani pale Jules lilifungwa kwa kikaratasi cha Mem Gugu. Dereva akitaka mboga anapata na siasa. Alikwenda kanisani kwao akasimama baada ya mahubiri akawaambia Wakongo wenye vitabu vya kijani, nao si wengi, kwamba safari hii wasivote kwa fulana. Alimchukia kila aliyetupa hata ganda la ndizi. Mimi mwenyewe aliniokotea kizibo cha soda mbele ya watu.

Ndiyo maana siku ile ukumbini, mwezi wa Mei, tulimsindikiza kwa fahari. Mem Gugu alieleza vizuri. Kisha mzee wa viatu vya chai akauliza swali la adabu: ukiingia bungeni, utazuiaje mafuriko ya kule chini? Na Mem Gugu akajibu palepale, bila kupepesa. Matete yatarudishwa. Bonde ni la maji, waliachie maji. Mifereji yote ifukiwe, na mashamba yote ya ndani ya bonde yatoke.

Célestine aliielewa ile sentensi kwa Kiingereza chake cha foleni. Neno "toka" ameshaambiwa kwa lugha nyingi.

Hapo ndipo mlipotukuta.

Mem Gugu hakumfukuza. Alishuka jukwaani, akamnyang'anya kikombe taratibu, akamwambia kesho asubuhi wakutane bondeni. Célestine alikubali ili apate kumalizia matusi. Nilikwenda nao, maana mkalimani mwingine hakuna, na wala sikutaka kuhadithiwa.

Asubuhi ile baridi ilikuwa imeanza kuuma. Célestine alimtembeza Mem matuta yote kama mtu anayemwonesha mgeni watoto wake. Hili la maharage. Kwa hili nimemsomesha Gaëlle. Walipofika mfereji mkubwa akausifu zaidi.

"Hii njo dawa ya hapa," akasema. "Bila hii, maji inalala, mboga inaoza. Mimi nilichimba. Haina hata kona, ona. Maji ikiingia, inakimbia."

Nikatafsiri. Mem Gugu akamtazama, akauliza taratibu, "Inakimbilia wapi?"

Nikatafsiri hilo nalo.

Célestine akanyoosha mkono ajibu, na mkono ukabaki hapohapo. Sisi sote watatu tukawa tunatazama mfereji ulivyokwenda, umenyooka kama uzi, unateremka, unapita chini ya njia ya miguu, na mwisho wake kabisa ni ukuta wenye dirisha lililozibwa kwa ubao. Dirisha la Mama Murielle, chumba cha chini kuliko vyote.

Mimi nimepita pale mara ngapi? Nimechuma kotimiri pale nikiimba. Sikuona. Tulikuwa tunausafisha ule mfereji kila mwezi.

Célestine alikaa juu ya tuta la maharage, akayaponda mwenyewe. Uso wake ulikuwa umekwenda mahali. "Beseni," akasema. Halafu akasema tena, "Beseni ya mtoto."

Mem Gugu akaeleza kwamba matete yalikuwa yanayashika maji na kuyaachia polepole, na kwamba hakujua ni Célestine aliyeyafyeka. Sikutafsiri. Hakuwa anasikia.

Alipoinuka alifanya jambo la kibinadamu: alijaribu kupatana.

"Mem, sikia. Wewe useme tu, sasa hivi, mbele ya batu, kwamba mashamba itabaki. Sema tu! Uani yote itakupenda, kanisa yote itakupenda. Kisha ukishaingia bungeni, tutaona."

Mem Gugu akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa.

"Siwezi kusema hivyo, Mama. Si kweli."

Nilipomtafsiria, Célestine alinitazama mimi kwanza, kama vile nimekosea, kisha akamtazama yule mama. Nimeshuhudia mambo mengi yakimpata Célestine, na lile la kuona mgombea akiombwa uongo mdogo na kukataa ndilo lililomwacha mdomo wazi kuliko yote.

"Ameshindwa hata kudanganya," akaniambia tulipokuwa tunapanda kurudi. "Mama Fauzia, mtu kama huyu atafanya nini bungeni? Watamkula!"

Uani habari ilishafika kabla yetu. Kikao kikaitishwa bila chai. Lambert akafungua.

"Ni wazi. Kura anyimwe. Huwezi kumpa kisu mtu anayekuja kukuchinja."

Warundi wakaunga mkono. Nani atawalisha? Lengalenga ya dukani iko wapi, na ipo bei gani? Mmoja akasema mafuriko huja mara moja kwa mwaka lakini njaa huja kila jioni, na hilo lilikuwa na ukweli wake. Mama Murielle alikaa na Orpha mapajani, matuta yake mawili ndiyo yaliyokuwa yakimlipia maziwa, na hakusema neno. Ningependa angesema. Angesema lolote ingekuwa rahisi.

"Mama Gaëlle," akasema Lambert, "usisahau. Kura si yako peke yako. Ni ya uani."

"Sawa," akasema Célestine. "Na mfereji?"

"Mfereji gani?"

"Mfereji nayo ni ya uani, ao ni yangu peke yangu?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku ya uchaguzi nilimsindikiza mpaka shule ya msingi walikopigia. Foleni imezunguka uwanja, watu wamejifunga mablanketi, vuvuzela moja inalia kama ng'ombe mgonjwa. Mimi sina haki ya kuingia, nikasimama nje ya uzio nikila karanga. Célestine alivaa kitenge chake cha harusini na kofia ya sufu. Kitabu cha kijani alikishika kwa mikono miwili. Alipokuwa anakaribia mlango alinigeukia kupitia uzio, na nikaona kabisa bado hajaamua. Midomo ilikuwa inatembea. Wengine walidhani anasali.

Alikaa ndani muda mrefu mpaka nikaanza kudhani amezimia. Alipotoka, kucha ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa na wino.

"Karatasi tatu," akasema. "Moja ndefu kama kitenge cha mwanamke mnene."

"Umempa nani?"

"Kura ni siri."

"Tangu lini? Sisi tumekuwa tukipiga pamoja kura hii miaka yote!"

Alitembea mbele yangu, mwendo wa mtu anayefuata mwizi. Tulipofika uani hakuingia kwake kubadili nguo. Alichukua jembe nyuma ya choo, akateremka bondeni na kitenge chake cha harusini, akaanza kuufukia mfereji.

Hapo nikajua kura ilikwenda wapi.

Tulitoka wote tukasimama ukingoni. Hakuna aliyeamini. Alikuwa anavuta udongo kutoka kwenye matuta yake mwenyewe, na lengalenga yake imesimama juu, mbichi, yenye afya, anaizika humohumo. Lambert alipiga kelele kwamba huyu mwanamke amerogwa. "Ngoja basi matokeo! Huenda Mem ameshindwa!" Célestine akainua jembe akalishusha. Alikuwa analia na kamasi, wala hakusimama kupenga. Mara Mama Murielle akampa Gaëlle mtoto, akashuka, akaanza na matuta yake mawili.

Mem Gugu alishindwa. Alishindwa vibaya, tena mapema, wapiga kura wake katika jimbo zima wangeenea kwenye jukwaa moja la uwanja wa mpira. Lambert alikuja na simu mkononi, akicheka kwa uchungu wa tuta ambalo hakuwahi hata kulipalilia.

"Ona sasa! Umepoteza kura, umepoteza na shamba! Kama ungengoja ungekuwa na vyote!"

"Lambert," akasema Célestine, akichambua mchele, "kila siku wewe uko unalinda mlango ya benki. Iko na pesa yako ndani?"

Lambert akaondoka na simu yake.

Baridi ile ilikuwa mbaya. Nasema hivyo ili mtu asifikiri mambo yalinyooka. Tulikula kabichi mpaka tukachoka kutazamana. Célestine alinunua mboga kwa jumla na kuuza kwa faida ya kucheka nayo. Mem Gugu alikuja kumshukuru, akakuta mifereji imefukiwa, akashika mdomo. Hakuwa ametegemea, hata yeye. Wiki iliyofuata akamwambia Célestine aje ang'oe bustani yake ya mbele, nyasi na mawaridi, apande. Ni kipande kidogo, hakifiki robo ya bonde. Wanakigombania kila Jumamosi, kwa sababu Mem hataki konokono wauawe na Célestine anataka wauawe mbele ya wenzao.

Matete hayakuhitaji bunge. Mvua za kwanza ndogo tu, yakachomoza.

Lakini kulikuwa na sehemu moja Célestine hakuifukia. Mdomo wa mfereji, pale juu unapoanza, kijito kinapoingilia, palibaki wazi. Kila ukimwuliza, "Hapo nitafunga mwenyewe, acheni." Lambert akasema ameona: bado ana tamaa, anajiachia mlango wa kurudi. Na mimi nikaanza kuamini hivyo, nikamwona mnafiki.

Oktoba, alasiri, mbingu ikageuka rangi ile ya bluu iliyoiva. Mama Murielle alikuwa ameshapandisha godoro juu ya kabati. Nikachukua jembe.

"Unaenda wapi?" Célestine akaruka kutoka mlangoni.

"Kufunga ule mdomo."

"Acha! Nitafanya mimi!"

"Utafanya lini, maji yakishaingia?"

Alinifuata mbio mpaka bondeni, ananishika gauni. Upepo umeanza kuinamisha matete. Nikamkwepa, nikainua jembe, nikapiga pale mdomoni kwa nguvu zangu zote.

Kang!

Nikapiga pembeni. Kang! Nikainama nikafukua kwa mikono. Ukingo wa chuma. Mkono wa chuma. Na juu ya mkono, mikwaruzo mitatu niliyoipiga mwenyewe kwa msumari, ili isipotee kwenye shughuli za watu.

Sufuria yangu. Imelazwa ubavu, imezikwa, kitako kimetobolewa chote. Kitako hakuna! Imekuwa bomba.

"Hii nini?" nikauliza. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

"Ni sufuria."

"Ya nani?"

Akatazama kijito. "Mama Fauzia, mdomo ya mfereji ilikuwa inabomoka. Kila mara inabomoka. Bomba sikuwa nayo. Nikasema, nitaweka hii kidogo, nitakununulia ingine mbele haujajua. Kisha mvua ikakuja. Nikaona ni kama Mungu amenisaidia uongo." Akafuta matope ya ukingo kwa kidole. "Nilishindwa kufukia mbele yako. Nikifukia lazima kwanza niitoe, utaona. Nisipofukia, maji itarudi kwa mtoto. Miezi yote hii silali."

Maneno niliyokuwa nayo mdomoni sitayaandika. Yalikuwa mengi na yalikuwa mazuri. Lakini radi ilipiga, na jiwe la kwanza la mvua likanidunda begani, nikakumbuka tuko wapi. Tukaishika sufuria wote wawili, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukavuta mpaka ikang'oka na mlio wa matope. Tukasukuma udongo, tukasukuma mawe, tukakanyaga. Tukaufunga mdomo.

Mawe yakaanza kushuka kweli. Célestine, kwa akili ile ya haraka, akainyanyua sufuria akaiweka juu kichwani ajikinge. Mawe yakapita palepale penye tundu, yakampiga utosini moja baada ya jingine, naye kaishikilia kwa mikono miwili, anashangaa kwa nini anaumia.

Nilikuwa nimejiandaa kudai mpaka kaburini. Badala yake nikacheka mpaka nikashika magoti.

"Hebu iteremshe hiyo," nikamwambia, "sikudai tena. Twende, mwenzangu, kimbia."